Kiapo, Maungamo na Msamaha: Uponyaji wa Kumbukumbu Chungu Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Kumbukumbu chungu, kwa maana inayokusudiwa hapa, si kila jambo baya analolikumbuka mtu, bali ni tukio ambalo, ijapokuwa limepita zamani, humrudia mhusika bila kuitwa, likiwa na hofu, aibu au hasira ileile ya siku lilipotokea, hata akashtuka usingizini, akakwepa njia fulani, au akashindwa kuketi benchi moja na jirani yake. Wataalamu wa afya ya akili huliita jeraha la namna hii kiwewe, na huonya kwamba halipungui kwa sababu tu miaka imepita. Katika Nyeri na miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Karatina na Othaya hadi Murang'a, Kerugoya, Embu na Meru, swali la jinsi imani ya Kikristo inavyoweza kumponya mwenye jeraha hilo haliwezi kujibiwa kwa mawaidha ya jumla. Ni vigumu kupata ukoo wa huko ambao haukuguswa na mambo ya miaka ya 1952 hadi 1960, na mara nyingi aliyepigwa na aliyeshika kiboko walitoka katika ukoo mmoja, wakaja kuzeeka katika kanisa moja.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari ili kulikabili vuguvugu la Mau Mau, lililodai ardhi na uhuru na ambalo wafuasi wake waliunganishwa kwa kiapo, au muma kwa Kigikuyu. Kuanzia katikati ya mwaka 1954 zaidi ya watu milioni moja, Wagikuyu, Waembu na Wameru, walitolewa katika maboma yao na kusongamanishwa katika vijiji vya dharura zaidi ya 800 vilivyolindwa kwa mitaro na nyaya za miiba. Nyumba walizoziacha zilichomwa moto, wanawake walipelekwa kufanya kazi za lazima, mojawapo ikiwa ni kuchimba mtaro mrefu pembezoni mwa msitu ili wapiganaji wasifikiwe na chakula, wanaume kwa makumi ya maelfu waliwekwa kizuizini, na watu zaidi ya 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama. Kwa upande mwingine, familia zilizoshukiwa kuiunga mkono serikali, zikiwamo za Wakristo waliokataa kiapo, zilivamiwa usiku na kukatwa kwa panga. Walinzi wa vijiji waliowekwa na serikali, ambao wenyeji waliwaita ngati, hawakuletwa kutoka mbali; walikuwa majirani, mashemeji, na pengine ndugu wa tumbo moja na watu waliokuwa msituni.

Baada ya uhuru jambo hili lilifunikwa. Jomo Kenyatta aliwahimiza watu wote, wakiwamo walowezi aliowahutubia Nakuru mwezi Agosti 1963, wasameheane na kuyaacha yaliyopita, na wito huo ulikuwa na hekima yake ya kisiasa, kwa kuwa nchi changa ingeweza kuteketea kwa visasi. Hata hivyo, wito wa kusahau ulimwangukia vibaya yule ambaye hakuwa na uwezo wa kusahau. Marufuku iliyowekwa na wakoloni dhidi ya Mau Mau ilibaki katika sheria za Kenya hadi mwaka 2003, hivyo kwa miaka 40 ya uhuru mzee aliyetaka kusimulia aliyoyapitia msituni alikuwa, kwa herufi ya sheria, mwanachama wa kundi haramu, naye aliyekuwa ngati alikuwa na sababu zake mwenyewe za kunyamaza. Watoto wengi walikua wakijua kwamba kuna jambo ambalo baba haulizwi.

Kuna sababu nyingine ya ukimya huo ambayo haizungumzwi vya kutosha, nayo inagusa kiini cha imani yenyewe. Katika kambi za kizuizini serikali ililifanya ungamo kuwa mlango wa kutokea: aliyekiri kwamba alikula kiapo, akataja na waliokuwa pamoja naye, alihamishiwa kambi nyepesi zaidi, na hatimaye akarudishwa kijijini kwake; aliyekataa alibaki. Katika kambi za Mwea, kusini mwa mlima, kuanzia mwaka 1957 wafungwa wagumu walipigwa kwa utaratibu uliopangwa mpaka wakubali kukiri, na mwendo huohuo wa kulazimisha ndio uliozaa mauaji ya watu 11 kambini Hola tarehe 3 Machi 1959. Wahubiri waliruhusiwa kuingia katika baadhi ya kambi, na lugha ya kutubu, kutakaswa na kuzaliwa upya ilichanganyika na lugha ya maofisa waliokuwa wakitafuta majina. Mtu aliyetoka huko alikuwa amefundishwa kwa mwili wake kwamba kufungua kinywa ni kumsaliti mwenzake. Mchungaji aliyekuja baadaye kumwambia aungame apate kupona alikuwa, bila kujua, anatumia maneno ya mpelelezi.

Uaminifu unadai pia isemwe kwamba kwa watu wengi wa mlimani kanisa lenyewe ni sehemu ya kumbukumbu inayouma. Mwaka 1929, misheni za Kiprotestanti, ikiwamo ya Waskoti iliyokuwa Tumutumu karibu na Karatina, ziliwataka waumini waapie kuachana na tohara ya wasichana, na mgogoro huo ukazivunja familia na kuzaa shule na makanisa huru ya Wagikuyu. Hali ya hatari ilipotangazwa serikali ilizifunga shule hizo, huku za misheni zikiendelea, na mtu aliyepoteza shule ya watoto wake kwa namna hiyo hakuhitaji kuelezwa kanisa lilikuwa upande gani. Ni kweli kwamba wapo viongozi wa kanisa waliopaza sauti: mwaka 1955 Chama cha Misheni cha Kanisa la Anglikana kilichapisha kijitabu cha kulaani ukatili wa vyombo vya serikali. Lakini sauti hizo zilikuwa chache, na zilisikika zaidi London kuliko katika vijiji vya Tetu na Mathira huko Nyeri.

Pamoja na hayo yote, ni ndani ya makanisa hayohayo ambamo njia za uponyaji zilionekana, na iliyoanza mapema zaidi ni ile ya Uamsho wa Afrika Mashariki. Uamsho huu ni mwendo wa kiroho ulioanzia Gahini, Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, ukaenea Uganda, na kufika Kenya mwaka 1937 wakati ujumbe wa ndugu kutoka huko ulipohubiri Kabete. Wafuasi wake, wanaoitwa Balokole Uganda na Ahonoki kwa Kigikuyu, maana yake waliookoka, hawakuanzisha kanisa jipya, bali walibaki Waanglikana na Wapresbiteri huku wakikutana kila juma katika ushirika mdogo wa kusoma neno, kuomba na kutoa ushuhuda. Kiini cha mikutano hiyo kilikuwa kutembea nuruni, yaani kusema mbele ya ndugu, waziwazi na kwa kutaja tendo, dhambi ambayo mtu ameitenda na jinsi alivyosamehewa, kisha kwenda kumtafuta aliyekosewa na kumlipa. Watu walirudisha majembe yaliyoibwa miaka mingi nyuma, wakalipa kodi waliyoikwepa, na wakapatana na wake zao mbele ya mashahidi.

Vita vilipofika, ndugu hao walijikuta hawana upande. Walikataa kiapo cha Mau Mau kwa hoja kwamba wamekwisha kushiriki damu ya Yesu na hawawezi kuichanganya na damu ya mbuzi wa muma, na wengi wao wakakataa vilevile kupokea bunduki za serikali, kwa kuwa hawakuona jinsi mtu anavyoweza kumhubiria jirani yake anayemwinda. Kwa hiyo walipigwa na askari kwa kushukiwa kuwaficha wapiganaji, na waliuawa na wapiganaji kwa kushukiwa kuwa wasaliti. Kanisa kuu la Mtakatifu James na Mashahidi Wote, mjini Murang'a, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati huo. Ndani yake mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesomea Makerere, alichora ukutani katika miaka hiyohiyo ya hali ya hatari picha tano kubwa za maisha ya Yesu, kuanzia kuzaliwa na kubatizwa mpaka karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba. Yesu wa picha hizo ni Mwafrika, anazaliwa katika nyumba ya msonge, na anateseka katikati ya vilima vya nchi hiyohiyo ambayo waumini wanaiona wakitoka mlangoni. Kwa mama aliyemzika mwanawe katika kijiji cha dharura, picha ya namna hiyo ilikuwa na maana ambayo mahubiri pekee yasingeweza kuitoa, kwa sababu ilimwonyesha Mungu akiwa upande wa ndani wa nyaya za miiba.

Nguvu ya Uamsho haieleweki vizuri bila kukumbuka dhana ya thahu, yaani unajisi ambao, kwa imani ya Wagikuyu wa kale, humpata mtu aliyemwaga damu, aliyegusa maiti au aliyevunja mwiko, na ambao ukiachwa humletea maradhi yeye na jamaa yake. Tiba yake ilikuwa ibada ya kutapishwa iliyoongozwa na mganga, ambapo mhusika hulambishwa taatha, yaani majani yaliyosagika tumboni mwa mbuzi, na kuyatema pamoja na kila kosa linalotajwa. Miaka ya vita iliwaacha watu wengi na maiti mikononi na viapo vinavyopingana vifuani, wakati ambapo utaratibu wa zamani ulikuwa umevurugika na waganga wengi kupoteza heshima. Mahubiri ya damu inayotakasa yalilijibu hitaji ambalo watu walikuwa nalo tayari, yaani hitaji la kutaja lililotendeka, kulitoa nje, na kuambiwa na jamii kwamba sasa ni safi. Obadiah Kariuki, mtu wa Uamsho aliyewekwa wakfu kuwa askofu msaidizi mwaka 1955 pamoja na Festo Olang', alifanya kazi yake miongoni mwa watu wa hali hiyo, na Dorothy Smoker, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1994, alikusanya shuhuda za ndugu waliopita katika moto huo wakasamehe.

Uamsho haukukosa kasoro, na kasoro zake zina somo. Ungamo la hadharani linapotaja tendo linamtaja pia aliyeshiriki, na mwanamume aliyesimama kukiri uzinzi wake alimwacha mwanamke fulani akitazamwa na kijiji kizima bila yeye kuulizwa. Zaidi ya hayo, ushirika ule ulijua vizuri zaidi kumsikiliza mwenye dhambi kuliko mwenye jeraha. Mwanamke aliyetendewa ukatili wa kijinsia wakati wa kuhojiwa, na serikali ya Uingereza haikukanusha mahakamani London kwamba ukatili huo ulitendeka, hakuwa na dhambi ya kuungama. Alikuwa na aibu isiyo yake, na akisimama katika mkutano unaongoja toba angeweza kutubu kosa la mtu mwingine. Hapa ndipo ilipohitajika njia nyingine, na ilichelewa sana.

Kabla ya kuifikia njia hiyo inafaa kutaja waraka mmoja unaoonyesha jinsi mambo haya yalivyochangamana. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni na mzaliwa wa Tetu, alikamatwa karibu na Ihururu tarehe 21 Oktoba 1956 akiwa amejeruhiwa kwa risasi, akashtakiwa Nyeri, akahukumiwa kifo mwezi Novemba kwa kumiliki bastola, na kunyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Siku moja kabla ya kunyongwa alimwandikia barua Padri Marino wa misheni ya Kikatoliki Nyeri. Humo aliomba mwanawe asomeshwe, mama yake mzee asiachwe bila kutembelewa, na mkewe, ambaye naye alikuwa amefungwa, afarijiwe na masista. Akaeleza pia kwamba vitabu vya dini alivyoletewa gerezani vimemsaidia kujiandaa kwa safari iliyo mbele yake. Wapo wanaoisoma barua hiyo kama kushindwa kwa mpiganaji, na wapo wanaoisoma kama ushindi wa misheni, na masomo yote mawili yanampunguza mtu. Kinachoonekana katika barua ni baba, mwana na mume anayewakabidhi watu wake kwa wale anaodhani watawatunza, bila kukana alichopigania. Mkewe, Mukami Kimathi, alifariki tarehe 4 Mei 2023 na kuzikwa Njabini, na mpaka alipoingia kaburini alikuwa hajaonyeshwa kaburi la mumewe. Ombolezo lisilo na kaburi halina mahali pa kuishia, na makanisa ya mlimani, ambayo yana desturi nzuri na ndefu ya matanga, yangefaa kulielewa jambo hilo kuliko taasisi nyingine yoyote.

Njia iliyochelewa ilipata umbo mwanzoni mwa karne hii, nayo ilitoka katika maumivu ya nchi jirani. Watafsiri wa Biblia na washauri wa afya ya akili waliofanya kazi katika maeneo ya vita barani Afrika, miongoni mwao Margaret Hill aliyekaa miaka mingi Kongo, waliandaa mafunzo kwa viongozi wa makanisa kuhusu majeraha ya moyo, na kitabu chao kikatolewa mwaka 2004 na Paulines jijini Nairobi. Leo mafunzo hayo yanatumiwa katika lugha nyingi, na vyama vya Biblia vimeyafanya kuwa sehemu ya kazi yao. Utaratibu wake ni mnyenyekevu. Watu wachache huketi pamoja kwa siku kadhaa, na kila mmoja husikilizwa na mwenzake kwa kuongozwa na maswali matatu tu: ni nini kilichotokea, ulijisikiaje, na ni sehemu gani iliyokuwa ngumu zaidi kwako. Msikilizaji hakemei, hatoi mstari wa Biblia upesi, hasimulii yake, na habebi maneno nje. Msemaji anaweza kunyamaza anapotaka, na uhuru huo wa kunyamaza ndio unaoitofautisha nafasi hii na chumba cha mpelelezi.

Baada ya kusikilizana, washiriki hufundishwa kuomboleza, na katika hatua hii makanisa mengi hupata mshangao. Zaburi nyingi ni malalamiko yanayoelekezwa kwa Mungu mwenyewe, na Zaburi ya 88 inamalizika gizani bila neno la faraja, lakini ibada za Jumapili zimezoea nyimbo za ushindi kiasi kwamba mwenye uchungu hudhani maumivu yake ni upungufu wa imani. Anapoambiwa aandike ombolezo lake kwa lugha ya nyumbani, akalisoma kwa sauti, na wengine wakalipokea bila kulisahihisha, huanza kuona kwamba hasira yake inaweza kuingia kanisani. Mwishoni kila mtu huandika maumivu yake kwenye kipande cha karatasi ambacho hakuna atakayekisoma, hukipeleka kwenye msalaba wa mbao, na karatasi zote huchomwa nje. Kitendo hiki hakifuti kumbukumbu, wala hakikusudii kuifuta. Kinampa mtu namna ya kutenda kwa mikono yake kile anachokiamini, kwamba Kristo aliyefufuka akiwa bado na alama za misumari anaweza kuubeba uchungu ambao yeye hauwezi peke yake. Jeraha lililosafishwa huacha kovu, na kovu hilo laweza kuguswa bila mtu kuruka.

Msamaha huja, unapokuja, baada ya hatua hizo, na kosa kubwa la mahubiri mengi ni kuutanguliza. Yusufu wa kitabu cha Mwanzo anasifiwa mimbarani kwa kuwasamehe kaka zake, lakini ni nadra kukumbushwa kwamba aliwajaribu kwanza, akataka kujua kama wangemtupa na Benyamini kama walivyomtupa yeye, na kwamba alilia mara kadhaa kabla ya kujitambulisha. Aliyesamehe hajanyang'anywa haki ya kudai ukweli. Wazee walioishtaki serikali ya Uingereza mahakamani London kwa mateso ya miaka ile, wengi wao wakiwa waumini, hawakutenda kinyume cha imani yao. Tarehe 6 Juni 2013, serikali ya Uingereza ilipotoa tamko la masikitiko bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathirika 5,228, kilichopatikana hakikuwa fedha tu, maana aliyetesa alisema mbele ya watu kwamba mateso yalikuwapo. Vivyo hivyo, imani haimzuii mtu kumwona daktari: asiyelala kwa majuma, anayesikia sauti, au anayewaza kujiua anahitaji hospitali, na kiongozi wa dini anayempeleka huko amefanya kazi ya kichungaji.

Limebaki jambo ambalo maombi ya uponyaji hulipita mara nyingi. Katikati ya miaka ya 1950, wakati maelfu ya wanaume walipokuwa kizuizini, serikali iliendesha mpango wa kuunganisha mashamba na kuyaandikisha upya, na waliokuwa karibu na serikali walipata mipaka mizuri huku waliokuwa kambini wakirudi na kukuta ardhi yao imesogea au imekwisha. Baadhi ya vijiji vya dharura havikuvunjika kamwe. Mpaka leo Nyeri ina vile vinavyoitwa vijiji vya wakoloni, ambako wajukuu wa waliohamishwa huishi katika vipande vidogo vya ardhi, wengi kwa miaka wakiwa bila hati miliki. Kwa watu hao tukio halijapita, kwa sababu wanaamka ndani yake kila asubuhi, na hakuna ushauri unaoweza kumtenga mtu na kumbukumbu anayoishi juu yake. Zakayo alipompokea Yesu nyumbani kwake alisimama kutangaza kiasi atakachorudisha, na ndugu wa Uamsho waliielewa habari hiyo walipobeba majembe ya watu mabegani kuyarejesha. Ushirika huo ulirudisha zana, mifugo na madeni, lakini mipaka ya mashamba ya 1955 haijapata kuwa ajenda ya kawaida ya ushuhuda, si kwa Waanglikana, si kwa Wapresbiteri wala kwa Wakatoliki. Waliohusika wamebaki wachache na umri wao umekwenda, nyaraka za uandikishaji zipo katika ofisi za ardhi, na wazee wa kanisa wanazijua familia za pande zote mbili kwa majina.